Sakafu Isiyo na Msumari

Mama yangu aliangukia sebuleni kwangu, hapa Kiwalani, akiwa anapiga deki. Nasema kupiga deki kwa kukosa neno jingine. Watu wengine wanadeki, yeye anafurikisha. Ndoo nzima ya maji ya sabuni inamwagwa kwa mkupuo mmoja kutoka ukuta wa nyuma, kisha anayafuata na fagio, anayasukuma na kuyafokea kama mbuzi, mpaka yatoke mlangoni na uchafu wote wa jana. Alifanya hivyo miaka yote kwenye saruji ya nyumba yetu Songea, na alipohamia kwangu aliendelea vilevile juu ya marumaru, kila alfajiri, kabla hata ya uji. Nyumba iliyofutwa kwa tambara, kwake, ni sawa na mtu aliyenawa uso akasema ameoga.

Siku hiyo miguu ilimponyoka. Nilikuwa barazani natia mafuta cherehani, nikasikia ndoo ikigonga chini, kisha kimya. Niliingia mbio. Ndoo ilikuwa imepasua marumaru moja katikati ya sebule, na mama amelala ubavu kwenye maji yake mwenyewe, ananiangalia. Jambo la kwanza alilosema ni, "Usiingie na viatu."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walimpasua, wakamwekea chuma, na kila siku muuguzi alimsimamisha na kumtembeza koridoni. Alinung'unika, lakini alikwenda. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinivuta pembeni akaniambia chuma kimekaa vizuri, kazi iliyobaki ni ya miguu yenyewe. "Akilala, misuli nayo italala," alisema. "Na kwa umri wake, ikishalala haiamki. Hakikisha anatembea kila siku, na atembee mwenyewe." Niliitikia kirahisi. Mama niliyemjua mimi alikuwa hawezi kukaa hata kwenye misa bila kutafuta kitu cha kunyoosha.

Chumba chake kina sakafu ya saruji, kwa sababu wakati najenga, marumaru ziliishia sebuleni. Kesho yake nilimpa kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne, akasimama, akaja taratibu hadi kizingitini. Hapo akaiona sebule. Akaziangalia zile marumaru nyeupe, nilizozichagua mwenyewe kwa sababu zinang'aa, akaanza kugeuka.

"Mie hicho kioo chenu sikikanyagi tena."

"Mama, ni pakavu."

"Hata siku ile palikuwa pakavu. Kabla sijamwaga maji."

Ndivyo anavyobishana mama. Anakuachia jibu ambalo ukilichunguza halina maana, lakini huna pa kulishika. Alirudi kitandani, na kitandani ndiko alikobaki. Bafu liko ng'ambo ya sebule. Ikabidi mimi na jirani tumbebe kwenye kiti cha plastiki kwenda kuoga na kumrudisha, na yeye hapo juu amefumba macho, rozari mkononi, utadhani anavushwa mto wenye mamba. Wiki zikaanza kupita. Niliona mapaja yake yakipungua ndani ya kanga. Usiku nilikuwa nalala vizuri, lakini mchana nikikanyaga pedali ya cherehani nilikuwa naangalia miguu yangu inavyokwenda na kupata hofu.

Sasa, mimi hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Nyumba hii nimeijenga kwa sare za shule: sketi zimetoa msingi, mashati yametoa kuta, na masweta ya baridi isiyokuwepo Dar es Salaam ndiyo yaliyoezeka bati. Mume sina, na anayeniuliza namuuliza wa kwake yuko wapi saa hizi. Mtu aliyejenga namna hiyo hawezi kushindwa na marumaru. Nikajiambia kama shida ni sakafu, basi sakafu itabadilika, na mama yangu atatembea.

Nilianza na mkeka. Ulihama naye alipoweka mguu wa kwanza, akapiga yowe. Nikaleta kapeti la plastiki la kukata, likakunja pembe zake kila upande, na hizo pembe mama alizitazama kama mitego ya panya. Kisha nikaenda Mbezi kuchukua vipimo vya sare kwenye shule ya chekechea, wakaniambia nivue viatu mlangoni. Nikakanyaga kitu. Kwa macho ni mbao, kwa mguu si baridi, hakitelezi, na kina ulaini kidogo kwa chini. Watoto walikuwa wanakimbia juu yake na soksi na hakuna aliyeanguka. Nilisahau vipimo. Nikamuuliza mwalimu mkuu swali moja tu, hii sakafu inaitwaje.

Inaitwa vainili. Ni mbao nyembamba za plastiki ngumu zenye sponji mgongoni, na kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Unauinamisha, unauingiza kwenye mwenzake, unaulaza, unashika. Hazigundishwi chini wala hazipigiliwi. Zinatandikwa juu ya sakafu ya zamani, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na sakafu nzima inakaa pale kama inaelea. Binti wa dukani Kariakoo alinieleza hayo yote huku anatafuna karanga, na mwishoni akasema, "Dada, ukutani uachie nafasi." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaitikia wauzaji.

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilipoyashusha maboksi barazani, nikamwita fundi wangu wa Keko. Ndiye aliyenitengenezea meza ya kukatia vitambaa, na kazi yake naiheshimu: droo zake zinaingia kwa kusukumwa na kidole kimoja. Nilimhitaji kwanza kwa ajili ya milango, maana sakafu ikipanda milango inagoma, lazima ipigwe randa kwa chini. Ila kulikuwa na jambo sikumwambia mama. Fundi huyo ni Mhehe, na sisi ni Wangoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tumerithi haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Mtani hana adabu na haombwi adabu.

Aliingia, akasimama mlangoni kwa mama, akatoa futi yake ya chuma mfukoni, akaivuta ndefu. Hakuamkia. Akaiweka kando ya kitanda, kuanzia kichwani hadi nyayoni.

"Unafanya nini wewe?" mama akauliza.

"Napima, mtani. Nimeambiwa kuna kazi. Nikuwekee ya mninga au ubao wa kawaida unakutosha?"

Nilishika mdomo. Keko wanatengeneza vitanda, makabati, na majeneza pia. Mama alimtazama chini hadi juu.

"We Mhehe, umefikaje huku saa nne asubuhi ukiwa unasimama wima? Ule ulanzi wenu wa kulewea umekwisha Iringa?"

"Haujaisha. Tumeuhifadhi kwa ajili ya msiba wako."

Na mama akacheka. Alicheka mpaka akaushika ubavu wenye chuma, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Tangu aanguke sikuwa nimesikia sauti ile. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta vikombe, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtani anione.

Fundi alimaliza milango, akaona maboksi, akaniambia kazi ya sakafu nayo anaifanya yeye, mbao ni mbao. Nikakubali, na nikawa msaidizi wake. Alikata, alipanga, alipiga kwa nyundo ya mbao, na kila alipofika ukutani alibana. Ubao wa mwisho wa kila mstari aliukata kwa kuuhesabia unene wa wembe, akaugonga ukaingia kwa kilio. Alijivunia. Akapitisha ukucha kati ya ubao na ukuta, haukuingia.

"Angalia hapo, sista. Hata mchwa akitaka kupita lazima aombe kibali."

"Kweli wewe fundi," nikasema, na nilimaanisha. Ile sauti ya binti wa karanga ilinijia kidogo, nikaifukuza. Mwanya ukutani ni wa fundi mbovu. Huko ndiko mende wanakozalia. Tena mlangoni alipigilia misumari midogo mstari mzima. Nilimkumbusha kwamba hizi hazipigiliwi. Akanitazama kwa huruma. "Mbao isiyo na msumari hiyo imeegeshwa tu. Itaamka siku moja ikuage."

Jioni hiyo mama alikuja kizingitini na chuma chake. Akatoa mguu mmoja nje ya ndala, akaugusisha. Akaukandamiza. Akasugua kidogo, mbele na nyuma.

"Hii haitelezi," akasema, na akapiga hatua mbili ndani ya sebule, akarudi. Hatua mbili tu, lakini mimi nilikwenda barazani nikakaa kwenye cherehani bila kushona kitu.

Dirisha la sebule linaangalia magharibi, na juu ni bati. Mwenye nyumba ya hivyo Kiwalani anajua saa tisa mchana inafanana na nini. Siku ya tatu ya jua kali niliona kivuli cha ajabu katikati ya chumba. Nikainama. Sakafu ilikuwa imeinuka. Joto lilikuwa limeitanua na haikuwa na pa kwenda, ukuta huku, ukuta kule, misumari mlangoni, ikaamua kwenda juu, kama tumbo linalosukuma vifungo vya shati. Kabla sijasema lolote mama alikuwa amekwishatoka chumbani kwa mazoezi yake. Alikanyaga palepale. Ile nundu ikashuka chini ya mguu wake kwa kishindo, yeye akayumba, nikamdaka kwapani.

Nilimrudisha kitandani, akanigeuzia mgongo, akasema kwa ukuta, "Kile kioo angalau kilikuwa kimetulia."

Fundi alikuja nilipomwita. Akaizunguka nundu, akaikanyaga, ikashuka, ikapanda. Akatoa hukumu: mbao za Kichina. Dawa, akasema, ni kuongeza misumari pale katikati.

"Hapana," nikasema.

"Sista, mie hii kazi nimeanza kabla wewe hujajua kushika sindano."

"Na mie nikikushonea suruali iliyokubana, ukikaa ikapasuka makalioni, utalaumu kitambaa?"

"Kitambaa kibovu hupasuka."

"Suruali isiyo na nafasi hupasuka! Hujaiachia pa kukalia!" Nilikuwa napiga kelele. Ndege ikapita juu ikitua uwanjani, ikatumeza wote wawili, tukabaki tunafungua midomo tu mpaka ilipopita. Yeye alikunja futi yake, akachukua nyundo, akaondoka bila kumuaga mtani wake. Hapo nilijua nimemuumiza.

Ila sikumfuata. Kesho yake nilifunga baraza, nikaandika kwenye kipande cha boksi kwamba sare zisubiri, nikapiga magoti. Niling'oa misumari mmoja mmoja. Nikazifumua zile mbao kuanzia mlangoni, kama unavyofumua mshono ulioshonwa na mtu mwingine, kwa kumlaani kidogo na kumstahi kidogo, kwa sababu alikuwa amebana kwelikweli. Mbili zilivunjika ulimi. Nyingine zilitoka nzima, nikaziegemeza ukutani kwa mpangilio wake.

Nilipofika katikati niliiona tena ile marumaru iliyopasuliwa na ndoo. Nilikuwa nimeisahau. Nikaifuta vumbi, nikapita.

Kukata nilijifundisha. Hizi mbao hazihitaji msumeno. Unapitisha kisu cha kukatia kapeti kwa kufuata rula, unaukunja ubao, unakatika kwa mlio mmoja safi. Kwa mtu aliyezoea kukata kitambaa kizito cha gabadini hiyo ni kazi ya starehe. Shida ilikuwa mwanya. Nitauachia upana gani, na nitaushikaje usizibe wakati nagonga? Karatasi ya kwenye boksi ilikuwa na picha ya vijiti vidogo kati ya ubao na ukuta. Vijiti hivyo sikuwa navyo. Nikaangalia huku na kule, nikaenda kwenye cherehani, nikamwaga bobini zangu zote, vile vigurudumu vya chuma vya uzi wa chini. Nikavipanga kando ya kuta kama magurudumu ya gari la mtoto, kimoja kila urefu wa mkono. Unene wake ulilingana na picha kabisa. Nilicheka peke yangu.

"Unacheka nini huko?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Naachia sakafu nafasi ya kukalia."

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Fundi ni mimi."

Kisha nikasikia, kwa sauti ya chini kidogo, "Haya."

Magoti yalivimba. Mgongo ulinigomea nikawa nainuka kwa kushika kitasa. Watu walipita barazani kuulizia sare, niliwajibu kupitia dirishani, wengine wakakasirika, wakaenda kwa fundi mwingine. Waende. Mstari kwa mstari nilirudi hadi mlangoni, nikang'oa bobini zote, na mwanya ukabaki pande zote nne, mweusi, umenyooka. Kwa macho ya ufundi wa huku ni aibu. Nilikaa nikisubiri saa tisa. Jua likaingia, likapiga sakafu, likakaa. Nilitembea juu yake kila pembe. Haikuinuka hata unywele.

Nilidhani nimemaliza. Nikamwita mama aje aone. Alikuja kizingitini, akatazama, akasifia rangi, na hakukanyaga.

"Imetulia, mama. Nimeijaribu siku nzima."

"Naona."

"Basi njoo."

"Na kudeki inadekiwaje?"

Nikamweleza. Hii haitaki ndoo. Maji yakiingia pembeni yanakaa chini, yananuka, yanaota ukungu. Ni tambara, limekamuliwa sana, unapitisha. Na hata hilo nitapitisha mimi, yeye asihangaike. Nilimwambia kwa upendo, nadhani. Uso wake ulifunga.

"Kwa hiyo haiogi."

"Mama."

"Mie humu ndani nimekuwa mgeni," alisema. "Kula naletewa. Kuoga nabebwa. Ndoo zimefichwa. Mgeni hatembeitembei kwenye nyumba za watu. Anakaa alipowekwa." Na akarudi kukaa alipowekwa.

Iliniuma, na iliniudhi, vyote kwa pamoja. Nilikuwa nimepiga magoti kwa ajili yake mpaka ngozi imechubuka, na yeye anazungumzia ndoo. Nilimjibu kwamba ndoo ndiyo iliyomvunja. Akajibu kwamba si ndoo, ni kioo changu. Hatukusemezana mpaka chakula cha jioni, na hata hapo tulisemezana kuhusu chumvi.

Fundi wa Keko alijitokeza Jumapili baada ya misa, bila kuitwa, amevaa shati jeupe. Watu walikuwa wamempelekea habari kwamba fundi cherehani katandika mwenyewe. Alivua viatu. Alitembea hadi katikati, akarukaruka kidogo mahali palipokuwa na nundu. Kisha akaenda ukutani, akachuchumaa, akaingiza ncha ya kidole kwenye mwanya. Nikajiandaa kwa vita.

"Mende watakuja kwa basi," akasema.

"Waje."

Akabaki amechuchumaa. "Nitakuletea mbao nyembamba za mkongo za kufunika hapa. Nitazipigilia kwenye ukuta," akasema, na akalirudia hilo neno, "kwenye ukuta. Sakafu yako sitaigusa." Kisha akainuka na kwenda mlangoni kwa mama, nami nikajua tumepatana.

"Mtani! Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kuona sakafu. Nzuri sana hii. Itadumu. Haitachakaa kabisa."

"Kwa nini isichakae?"

"Nani wa kuichakaza? Zamani Mngoni alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea, anapiga watu njiani. Wa siku hizi anashindwa kutoka kitandani mpaka chooni."

Nilitaka kuingilia. Hilo lilipita hata utani, nilidhani. Lakini mama alikuwa amekaa wima, macho yamewaka.

"Ndoo iko wapi humu ndani nimmwagie maji huyu mlevi!"

"Ifuate," fundi akasema. "Iko bafuni. Mie nasubiri hapa hapa." Na akasubiri kweli, mikono kifuani, mpaka mama akamtukana kwa Kingoni, neno ambalo mimi nilipigwa makofi kwa kulitamka nikiwa mdogo. Akaondoka anacheka hadi barabarani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa barazani. Kulikuwa na mrundo wa oda zilizochelewa, cherehani inakimbia, na sikusikia kitu mpaka nilipofika mwisho wa mshono na kuinua mguu. Ndipo nikasikia. Ni sauti ninayoijua kuliko jina langu: ndoo nzima, kwa mkupuo mmoja, kutoka ukuta wa nyuma.

Niliingia nikiwa na mkasi mkononi. Maji ya sabuni yalikuwa yanakuja kuelekea kwangu juu ya sakafu yangu mpya, na pembeni, kila upande, yalikuwa yanazama. Ule mwanya nilioupigania, niliogombana na fundi kwa ajili yake, nilioupima kwa bobini zangu, ulikuwa unayanywa kwa sauti, gluk, gluk, gluk. Nikapiga kelele. Sikumbuki niliyoyasema yote. Najua nilisema sakafu imekufa, nilisema magoti yangu, nilisema wewe mama una roho gani.

Kisha nikaona aliposimama.

Alikuwa ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa bafu. Chuma cha kutembelea hakikuwepo. Kilikuwa chumbani kwake, nilikiona kupitia mlango uliokuwa wazi, kimeegemea kitanda. Amesimama peke yake, miguu imeachana kidogo, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika ndoo tupu. Kanga imelowa hadi magotini. Alikuwa anahema.

"Mama," nikasema. "Umeletaje hiyo ndoo?"

"Nilikwenda nikaichukua."

"Umebebaje maji?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeumwa. "Sikuyabeba. Nilikuwa naitanguliza mbele, naishikilia, naifuata. Naitanguliza, naifuata."

Nikaweka mkasi juu ya kabati. Kutoka kitandani hadi bafuni ni sebule nzima. Alikwenda bila kitu, na alitoka humo akiegemea ndoo ya maji, ndoo ileile iliyomwangusha. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfokea, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshachoka kufoka, nilikaa chini kwenye maji nikalia kwa sauti. Alinisubiri. Alipoona imetosha akasema, "Sasa si ufungue mlango yatoke?"

Nikafungua mlango. Yaliyokuwa juu tuliyasukuma nje, mimi na fagio, yeye akielekeza kutoka ukutani. Yaliyokuwa chini hayakuwa na njia zaidi ya moja. Sakafu isiyo na gundi wala msumari ina faida yake. Nilipiga tena magoti yangu mabovu, nikashika ubao wa mlangoni, nikauinua.

"Nipe," mama akasema.

"Kaa chini."

"Nipe, nauegemeza wapi?"

Nikampa. Akaufuta na ncha ya kanga, akaugeuza, akauegemeza ukuta wa nyuma, palipofika jua la mlangoni, akarudi na mkono umenyooka. Nikafumua wa pili nikampa, na wa tatu. Alikuwa ananyoosha mkono tu, haongei, na mimi nilikuwa nafanya polepole kuliko nilivyoweza, ili azidi kwenda na kurudi. Lakini kila nilivyofumua, sehemu ya kukanyaga ilipungua, na marumaru ikawa inarudi, nyeupe, imelowa.

Nilifika katikati. Chini ya ubao kulikuwa na ile yenye ufa. Mama alikuwa upande wa pili, amesimama ukingoni mwa mbao zilizobaki, na kati yake na mimi hakukuwa na kitu kingine ila hiyo. Aliitambua. Nilivua kanga yangu ya mabegani, nikaikausha marumaru ile, ufa na pembe zake zote, nikaisugua mpaka ikalia. Kisha nikabaki nimepiga magoti na ubao mkononi, sikumwambia njoo.

Akavua ndala, akaikanyaga, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"Lete huo mwingine," akasema. "Jua linaondoka."